Pauline, Bosun na mluzi uliochekesha London

Alhamisi moja, kabla maduka ya Bermondsey hayajapokea mikate, Pauline Tibbett amepiga magoti kwenye sakafu ya banda, anapaka mafuta meusi kwato za farasi. Ameanza na mguu wa mbele wa kushoto, amemalizia na wa nyuma wa kulia, na sasa anaurudia ule wa kwanza kwa sababu haujamridhisha.

Farasi mwenyewe ni Bosun, mweusi tii, umri miaka kumi na tatu. Mwenzake, Major, amefungwa upande wa pili, amekwisha kusuguliwa na kuvikwa matandiko, anatafuna majani bila wasiwasi wowote. Leo wawili hawa watalikokota gari la vioo lenye jeneza la Ivy Sturgess, aliyefariki akiwa na miaka tisini na mmoja, kutoka mlangoni kwake hadi makaburi ya Nunhead.

"Simama vizuri, mzee wangu," Pauline anamwambia Bosun. "Leo usinitie aibu. Leo nakuomba kabisa."

Bosun anamnusa bega. Pauline anamsukuma pua taratibu na kuendelea kupaka.

Ana sababu ya kuomba. Wiki mbili zilizopita mwenye kampuni ya mazishi, Norman Gedge, alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwambia kwa upole kwamba farasi huyo akiinama tena barabarani atauzwa. Gedge si mtu mkali. Alimwekea hata kikombe cha chai mezani kwanza, kisha akakumbuka na kukiondoa haraka, uso umemwiva.

Chai hiyo ndiyo chanzo cha yote.

Pauline ana miaka hamsini na tisa, na amekaa juu ya kiti cha gari la maiti kwa miaka ishirini na sita. Analipwa pauni mia tano na kidogo kwa wiki, na mvua ikinyesha analipwa hizo hizo. Magoti yake yamechakaa, mgongo wake haupendi Januari, na kofia yake ndefu nyeusi ni ya tatu tangu aanze kazi. Ya kwanza ilikanyagwa na farasi, ya pili ilichukuliwa na upepo ikaishia mto Thames.

"Mumewe mtu, mama yake mtu, wote nimewapeleka," anasema. "Sijawahi kumchelewesha hata mmoja. Sijawahi kumwangusha hata mmoja. Hiyo ndiyo kazi, basi. Unampeleka mtu polepole, kwa heshima, na watu wanasimama."

Watu kweli husimama. Mbele ya farasi hutembea Desmond Frater, kiongozi wa msafara, mzaliwa wa Peckham mwenye miaka sitini na mmoja na mwendo ambao haujawahi kuharakishwa na mtu. Mafundi huvua kofia zao za plastiki. Mabasi huja nyuma polepole bila kupiga honi. Kabla ya kwenda makaburini, msafara hupitia mahali marehemu alipopapenda, iwe baa, soko au uwanja wa mpira, na hapo farasi husimamishwa dakika moja ili aage.

Sheria iliyo juu ya zote, aliyofundishwa Pauline na mzee aliyemrithisha kiti, ni kwamba mwendeshaji hashuki garini akiwa na marehemu nyuma yake. Nyumba iungue, mvua ya mawe ipige, hashuki. Hatamu zikiachwa, mwenye jeneza amebaki peke yake.

Mwaka juzi, mwezi Machi, watu wa sinema walifika bandani. Walitaka gari la vioo, farasi wawili weusi na mtu wa kuwaendesha, kwa siku tatu. Filamu yao iliitwa Chai kwa Marehemu, kisa cha magenge mawili ya wazee majambazi wanaogombania duka moja la kamari. Mkubwa wa genge moja anajifanya amekufa ili atoroke, na wenzake wanamzika kwa fahari yote huku yu hai ndani ya jeneza.

Mwongozaji alitaka farasi mmoja asimame kwa mluzi na kuinama, kama anayemsujudia marehemu. Alisema ana mwezi mmoja na nusu wa kumfundisha. Pauline alimwambia anahitaji siku tatu tu.

"Walinitazama kama mchawi," anasema. "Nami nikajifanya bingwa. Kumbe ni ujinga."

Paa la banda lilikuwa linavuja, na pauni elfu mbili za sinema zililiziba. Hilo hajutii. Paa halivuji mpaka leo.

Kila aliyeiona filamu hiyo anaikumbuka sehemu yenyewe. Msafara unafika mbele ya duka la pai. Maadui wanatoka wakiwa na suti zao na kikombe kimoja cha chai. Mmoja anapiga mluzi wa sauti mbili, ya chini halafu ya juu. Farasi anasimama, anashusha kichwa, anakunja goti la mbele. Jambazi anakiweka kikombe juu ya jeneza na kusema, "Kunywa, isije ikapoa." Kimya. Halafu kutoka ndani ya jeneza sauti ndogo inajibu, "Sukari mbili." Hapo wanatoa misumari na nyundo.

Mhakiki mmoja wa gazeti kubwa aliipa filamu nyota nne na kuandika kwamba mwigizaji bora ndani yake ana miguu minne. Mwingine aliikandia, akasema ni kazi ya watu wanaocheka mazishi kwa kuwa hawajazika mtu. Kasisi wa mtaani aliilaani Jumapili, na Jumatano akaonekana kwenye foleni ya tikiti akiwa amevaa skafu mpaka puani. Huko Bermondsey ukumbi wa sinema ulijaa wiki tatu. Akina bibi walikwenda kwa makundi, na wengine walitoka wakiwa wamekasirika, wakarudi na dada zao waje wakasirike pia.

Pauline alikwenda na Desmond.

"Nisiwadanganye wasomaji wako," anasema. "Nilicheka kuliko wote. Nilimwaga soda kwenye suruali ya Des."

"Suruali ya kazi," anadakia Desmond, ambaye ameingia bandani akiwa na kofia mkononi na viatu vinavyong'aa. "Kesho yake nimetangulia mbele ya jeneza nikinuka machungwa. Hajanitaka radhi mpaka leo huyu."

"Ulikuwa unanuka vibaya zaidi kabla yake, Des."

Wanacheka kidogo, kisha Desmond anamtazama Bosun na kicheko kinamwishia. "Yukoje leo?"

"Mzima. Masikio nimemzibia na sufi."

"Sufi ya juzi haikusaidia, kipenzi."

"Najua, Des. Najua haikusaidia."

Mluzi wa kwanza ulipigwa Novemba, kwenye mazishi ya dereva wa basi. Ulitoka juu ya jukwaa la mafundi waliokuwa wakipaka rangi ghorofa ya tatu. Bosun alisimama katikati ya Jamaica Road, akashusha kichwa, akakunja goti. Major, asiyejua habari, aliendelea kuvuta, na gari likajipinda. Toka juu mtu akapaza sauti, "Sukari mbili!" Vijana kituoni wakatoa simu zao.

Mjane wa dereva alikuwa kwenye gari la kwanza nyuma ya jeneza. Hakuwa ameiona filamu. Aliteremsha kioo, akamshika mkono binti yake, akasema, "Hataki kwenda. Unaona? Baba yako hataki kwenda."

Pauline aliyasikia maneno hayo kutoka kitini kwake na hakuweza kugeuka. Anasema ndiyo siku aliyoanza kuichukia filamu, na kujichukia mwenyewe kuliko filamu. Anayasema haya huku machozi yakimlengalenga, na hayafichi.

Kufikia Februari mluzi ulikuwa umepigwa mara saba. Walibadilisha njia. Walimvika Bosun vifuniko vya masikio. Desmond aliwafokea watu barabarani, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa miaka yake yote ya kazi. Familia moja ikahamia kampuni nyingine, na hapo ndipo Gedge alipoita mkutano wake wa mlango uliofungwa.

Swali ambalo kila mtu humuuliza Pauline ni moja. Kama alimfundisha kwa siku tatu, kwa nini asimfundishe kuacha kwa siku tatu nyingine?

Kwa muda mrefu alijibu kwamba farasi ni wabishi. Jibu la kweli alimpa Desmond peke yake, na leo, akiwa anafunga mkanda wa mwisho wa Bosun, analitoa tena bila kuangalia mtu.

Hakumfundisha. Mluzi ule ulikuwa wa Ray.

Ray Tibbett, mume wake, alikuwa fundi wa kwato. Ndiye aliyekuwa akiwavisha viatu farasi wote wa banda hili, na alifariki kwa ugonjwa wa mapafu miaka minne kabla ya filamu. Bosun aliletwa akiwa mwoga wa nyundo, akipiga mateke kila fundi aliyemkaribia. Ray alikaa naye kipupwe kizima. Alikuwa akiingia getini na kupiga mluzi wa sauti mbili, chini halafu juu, kisha anasimama pale pale, haongezi hatua. Kwenye mfuko wa aproni yake ya ngozi, chini karibu na goti, aliweka peremende. Bosun alijifunza kusimama, kushusha kichwa mpaka mfukoni, na kukunja mguu wa mbele ili fundi aushike.

"Kwa hiyo hainami," anasema Pauline. "Watu wote wale ukumbini wanacheka, wanasema angalia farasi anavyomsujudia jambazi. Anatafuta peremende ya Ray. Anampa Ray mguu. Anangoja Ray aushike."

Anapangusa mikono yake kwenye kitambaa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Kumwachisha ni rahisi. Des anajua, Gedge anajua, kila mtu wa farasi anajua. Unapiga mluzi, anakuja, humpi kitu. Unapiga tena, humpi kitu. Siku kumi, ishirini, anaacha. Lakini utakuwa unamwambia nini yule mnyama? Unamwambia Ray hayupo. Mimi mwenyewe sijamaliza kuambiwa, sasa nimwambie yeye?"

Saa nne asubuhi msafara unaondoka. Jeneza la Ivy Sturgess liko ndani ya vioo, juu yake maua meupe yaliyopangwa yakaandika jina lake. Desmond anatangulia kwa miguu. Gedge mwenyewe amekuja, jambo lisilo la kawaida kwa siku ya kazi, na amekaa kwenye gari la pili na mikono magotini.

Ivy alifanya kazi kiwanda cha biskuti miaka thelathini na nane, na kila Ijumaa alikula pai na viazi vya kuponda, mchuzi wa kijani juu yake, kwenye duka lile lile karibu na soko. Familia imeomba msafara usimame hapo. Ndilo duka la pai lililotumiwa kwenye filamu. Pauline alipoona orodha ya njia jana alitaka kuumwa ghafla, lakini hajawahi kuumwa ghafla maishani, na hakujua watu huanzaje.

Barabarani mambo yanakwenda vizuri. Mwanamke mwenye kigari cha mtoto anasimama na kuinamisha kichwa. Mwuza matunda anavua kofia. Vijana wawili wanatoa simu, na mmoja, akimwona Desmond anavyomtazama, anairudisha mfukoni. Hakuna anayepiga mluzi. Pauline ameshika hatamu kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Mbele ya duka la pai anawasimamisha farasi. Wafanyakazi wametoka nje wakiwa na aproni zao, wamejipanga ukutani. Dakika moja, kama desturi.

Mlango wa gari la kwanza unafunguka. Anashuka Keith Sturgess, mtoto wa marehemu, mtu mzima wa miaka sitini na nane na tai nyeusi iliyofungwa vibaya. Anatembea mpaka karibu kabisa na Bosun, mahali ambapo sufi haiwezi kuzuia kitu. Anavuta pumzi na kupiga mluzi, chini halafu juu.

Bosun anashusha kichwa. Anakunja goti.

Nyuma kwenye magari familia nzima inaangua kicheko, kicheko cha watu ambao wamelia tangu alfajiri, na wajukuu wa Ivy wanapiga kelele pamoja, "Sukari mbili, Bibi!" Wapita njia nao wanacheka. Kwenye gari la pili Gedge amefumba macho.

Hapo Pauline anafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa miaka ishirini na sita. Anafunga hatamu kwenye chuma, anavua kofia yake, anashuka.

Anatembea mpaka mbele ya Bosun, ambaye goti bado limekunjwa, na pua inapapasa hewani mahali ambapo mfuko wa Ray ungekuwa. Anamfungulia kiganja chake chini pale. Hakina kitu. Bosun anakinusa, anakinusa tena, kisha anakituliza kidevu ndani yake.

Kicheko kinapungua chenyewe. Keith anamwangalia mwanamke huyu aliyevua kofia na hajui aweke wapi mikono yake.

"Nimekosea, mama?" anauliza. "Nimeharibu?"

"Mama yako aliipenda?"

"Filamu? Aliitazama mara nne. Ya mwisho alikuwa kitandani kule wanakotunza wagonjwa mahututi, akacheka mpaka muuguzi akaja mbio akidhani anakata roho. Ndicho kicheko chake cha mwisho. Tukasema leo tumpe tena."

Pauline anatikisa kichwa kukubali. "Basi vizuri. Hujaharibu kitu, kipenzi. Nimefurahi alicheka. Ila huyu hachezi. Anamtafuta mume wangu. Alikuwa fundi wake wa kwato, na huo mluzi ulikuwa wake. Kila mnapoupiga anadhani amerudi."

Keith anamtazama farasi, halafu kiganja kitupu. Uso wake unabadilika. Anaweka mkono kwenye shingo ya Bosun, polepole, jinsi mtu anavyomgusa mfiwa mwenzake.

"Alikuwa anaitwaje?"

"Ray. Ray Tibbett."

"Kama yuko huko, mama atampata," Keith anasema. "Mama alikuwa hapotezi mtu. Alitupata hata tulipojificha kwenye pipa la makaa."

Pauline anacheka, na kicheko kinageuka kilio katikati. Keith naye analia. Desmond, ambaye alikuwa amesimama mbele akitazama Nunhead kama inavyompasa, anageuka, naye amevua kofia. Basi lililo nyuma ya msafara limezima injini.

Kisha Pauline anaushika mguu uliokunjwa, kama fundi anavyoushika, anauweka chini kwa upole. Anamwambia Bosun neno moja ambalo mwandishi halisikii. Anapanda kitini, anavaa kofia, na Ivy Sturgess anaendelea na safari yake.

Makaburini, shughuli ikiisha, Gedge anakuja hadi kwenye farasi. Anazunguka kidogo, anagusa mkanda ambao hauna tatizo lolote.

"Ulishuka, Pauline."

"Nilishuka, Bwana Gedge."

"Keith amenieleza habari ya mluzi wa Ray. Miaka yote hii hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Gedge anatazama viatu vyake vilivyoingia tope. "Mpaka Pasaka," anasema. "Asipoacha mpaka Pasaka, sitakuwa na la kufanya. Unajua sitakuwa na la kufanya."

Pasaka iko wiki tano mbele.

Pauline alitunga mpango wake jioni ile ile. Kila asubuhi ya kazi, Bosun akiwa amevikwa matandiko, anasimama getini na kupiga mluzi wa Ray mara kumi. Bosun akija, anakuta kiganja kitupu. Siku ya kwanza, anasema, alishindwa kufika mara ya tano, akaketi juu ya ndoo akalia. Siku ya nne alifika kumi. Asubuhi ya siku ya tisa Bosun aligeuza masikio tu, akamtazama, na miguu yote minne ikabaki chini.

"Ndicho nilichokuwa nakitaka," anasema. "Na kiliniuma kama msumari."

Lakini kuna nusu ya pili ya mpango, ambayo Gedge haijui na hana haja ya kuijua. Jumapili hakuna mazishi. Jumapili Pauline anamvua Bosun matandiko yote, hata kamba ya shingoni, anamwachia uwanja mdogo nyuma ya banda. Anavaa aproni ya ngozi ya Ray, inayomfikia karibu na vifundo vya miguu. Anatia peremende kwenye mfuko wa chini, anasimama getini, haongezi hatua.

Anaamini farasi atatofautisha. Akiwa na matandiko, yuko kazini, na mluzi ni kelele ya barabarani. Akiwa hana, mluzi ni mluzi.

"Nataka aujue hivyo mpaka azeeke," anasema. "Siku sita ajue Ray amekufa, kama ninavyojua mimi. Ya saba tusahau, yeye na mimi, kwa peremende moja."

Jumapili iliyopita alipiga mluzi mara moja tu. Bosun alikuwa mwisho wa uwanja, amempa mgongo. Aliinua kichwa, akaja akikimbia, akasimama mbele yake, akampa mguu. Pauline akaushika.